Mabadiliko ya Mwili Baada ya Uzazi na Wajibu wa Mume

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Mabamba, Wilaya ya Kibondo, Mkoa wa Kigoma)

Baada ya Tashahhud, Taawudh na Suratul Fatiha:



Kurani Tukufu inatuita tena na tena tuzitazame ishara za Mwenyezi Mungu zilizomo ndani ya nafsi zetu. Miongoni mwa ishara hizo ni homoni, yaani kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kupelekwa na damu kama wajumbe wanaopeleka amri za mfalme. Za kike zilizo mashuhuri ni estrojeni na projesteroni. Ya kiume ni testosteroni. Hizo ndizo zinazomwotesha kijana ndevu na kumkuza binti awe mama. Wala haziishii kwenye viungo: hufika katika ubongo, zikagusa usingizi, furaha na huzuni.

Nataka tuzungumzie wakati mmoja ambao wengi wetu tunauelewa vibaya, nao ni siku zinazofuata uzazi.

Mama anapokuwa mjamzito, estrojeni na projesteroni hupanda mno katika damu yake. Kondo la nyuma likishatoka, homoni hizo hushuka ghafla ndani ya siku chache. Ongezeni juu ya hayo uchovu, maumivu, kukosa usingizi na hofu za maisha. Ndiyo maana wazazi wengi, yapata siku ya tatu hadi ya tano, hulia pasipo sababu inayoonekana. Hali hiyo kwa kawaida hupita kabla ya wiki mbili kwisha. Ikizidi hapo, mama akawa hana raha, hana hamu ya kula wala ya mtoto wake, huo ni ugonjwa wa sonona nao una tiba. Na katika kila wazazi 1,000, mmoja au wawili huvurugikiwa na akili kabisa: huona visivyokuwepo, hunena yasiyoeleweka, na huweza kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Je, sisi hufanya nini yanapotokea hayo? Mmoja husema mkewe amekuwa mkorofi, akamrudisha kwao. Mwingine husema ameingiwa na jini, akamwita mganga wa kupunga pepo, akauza mbuzi kununua hirizi. Siku zinapita, ugonjwa unakomaa. Ndugu zangu, hirizi haipandishi homoni iliyoshuka. Homa ya uzazi na kifafa cha mimba navyo huweza kuvuruga akili ya mzazi, na vyote viwili huua upesi. Mtukufu Mtume s.a.w. alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa. Basi mzazi aliyechanganyikiwa apelekwe kituo cha afya siku ileile, na ikibidi Hospitali ya Wilaya ya Kibondo, wala asiachwe peke yake na mtoto. Dua tuombe, lakini tuiombe tukiwa njiani kwenda kwa tabibu.

Wengine hujitetea kwamba kazi ya mtoto ni ya mama peke yake, na kwamba damu ya mwanamume haikuumbiwa malezi. Sasa sikilizeni jambo lililopatikana katika nchi yetu wenyewe. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, na jirani yao Wadatoga. Baba wa Kihadzabe hubeba mtoto wake na kulala karibu naye. Kwa Wadatoga malezi ya mtoto mchanga huachiwa zaidi wanawake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wataalamu walipima testosteroni za wanaume wa makabila yote mawili. Kina baba wa Kihadzabe walikuwa na kiasi kidogo kuliko wenzao wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Kisha mwaka 2011 ukatangazwa utafiti wa wanaume 624 wa Ufilipino. Waliopata watoto, testosteroni yao ilishuka, na waliolea watoto wao kwa saa nyingi kila siku walikuwa na kiasi cha chini zaidi.

Kushuka huko si ugonjwa wala si kupungukiwa uanaume. Wataalamu wanaona kwamba ni mwili wa baba unaojiandaa kwa ulezi. Kwa hiyo asiwepo wa kusema kwamba maumbile yamemkataza. Mtukufu Mtume s.a.w. alimbeba mjukuu wake Umama hata ndani ya sala, akimweka chini aliposujudu na kumwinua aliposimama. Nyumbani alikuwa akiwasaidia ahali zake kazi. Nani miongoni mwetu ni mwanamume kumshinda yeye?

Nanyi wazee wangu, testosteroni ina jambo jingine. Saratani ya tezi dume hukua kwa kutegemea homoni hiyo. Mwaka 1941 Charles Huggins, daktari wa Chicago, alionyesha kwamba ikipunguzwa, saratani hiyo husinyaa. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na hadi leo tiba hufuata njia hiyo. Mzee anayeamka usiku mara nyingi kukojoa, au mkojo unamtoka kwa shida au na damu, asiseme amerogwa, wala asione haya. Huenda si saratani, lakini apimwe mapema.

Suratul Baqara inawataja mama wanaonyonyesha miaka miwili kamili, na papo hapo inamwekea baba wajibu wa kuwalisha na kuwavisha kwa wema. Basi mkeo akijifungua, mchotee maji, mkatie kuni, mpokee mtoto usiku apate kulala. Asirudishwe mapema kwenye shamba la maharage. Akilia, usimkaripie, muulize, na umsikilize.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wema kwa ahali zetu, awaponye wagonjwa wetu, na atuepushe na ushirikina. Amin.