Seli Nyeusi za Ubongo na Mkono Unaotetemeka

Leo nazungumza nawe mama, nawe dada, wewe uliyeachiwa kazi ya kumtunza mzee nyumbani, awe mzazi wako au mkwe wako. Umeona mkono wake mmoja ukitetemeka anapokaa tu, umelala pajani bila kazi. Akiunyosha kushika kikombe, mtetemo unapungua. Hutembea kwa hatua fupi fupi, miguu ikiburuta. Uso umekuwa mkavu, hatabasamu hata wajukuu wakimchezea. Jirani mmoja anasema ni uzee, mwingine ananong'ona kwamba mzee amerogwa. Kabla hujatoa mbuzi kwa mganga, tuingie kidogo ndani ya kichwa.

Chini ya ubongo, pale unapoanza kushuka kuelekea uti wa mgongo, kuna sehemu fupi yenye urefu wa kama sentimita 2 hivi. Huitwa ubongo wa kati. Ndani yake, kushoto na kulia, kuna tabaka jembamba la seli za neva zenye rangi nyeusi. Mtoto mchanga hazaliwi na weusi huo. Hujikusanya ndani ya seli polepole kadiri miaka inavyokwenda. Kwa mtu mzima mwenye afya, seli hizo ni takriban 400,000 hadi 600,000 pande zote mbili. Ni chache mno, ukikumbuka kwamba ubongo mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86.

Ukitaka kuelewa umbo la seli moja, nenda ukatazame mmea wa malenge shambani. Shina ni moja, tena dogo. Hilo ndilo tumbo la seli. Karibu na shina kuna mizizi michache. Hiyo ni matawi mafupi yanayopokea habari kutoka seli nyingine. Halafu kuna utambi mmoja mrefu unaotambaa hadi sehemu ya mbele ya ubongo, na huko hugawanyika vitawi juu ya vitawi mpaka shamba lote limefunikwa. Wataalamu wanakadiria kwamba seli moja tu ya aina hii yaweza kugusana na seli nyingine katika sehemu zaidi ya milioni 1. Katika kila mguso hutoa kemikali iitwayo dopamini, ambayo huwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendesha vizuri.

Sasa fikiria kazi ya shina hilo dogo kulisha majani yote hayo. Wataalamu wengi wanaona kwamba hii ni sababu mojawapo ya seli hizi kuchoka na kufa mapema kuliko nyingine. Shina moja likifa, eneo kubwa hukauka. Zikifa chache, zilizobaki hujitahidi kuziba pengo, kwa hiyo hutaona kitu. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kwenda. Na kwa kawaida huanza upande mmoja wa mwili.

Ugonjwa huu huitwa Parkinson, kwa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni laana ya ukoo wenu. Waingereza walikuwa nao zamani sana. Wengine, miaka kadhaa kabla ya kutetemeka, hupoteza uwezo wa kunusa, hufunga choo, au hupiga mateke na kelele usingizini.

Lakini si kila mtetemo ni Parkinson. Kuna ugonjwa wa tezi ya shingo, kuna pombe, na kuna dawa zinazozuia dopamini, kama baadhi ya zile za kutapika na za magonjwa ya akili. Unapompeleka hospitali, beba dawa zote anazomeza, hata zile za dukani.

Dawa inayotumiwa sana ni levodopa. Dopamini yenyewe haiwezi kupita kutoka damuni hadi ndani ya ubongo, lakini levodopa hupita, kisha ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haifufui seli zilizokufa, ila mzee anaweza tena kufunga vifungo vya shati na kula bila kulishwa. Hufanya kazi vyema akiimeza kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maziwa na maharagwe huizuia kuingia mwilini. Ikimletea kichefuchefu, mweleze daktari. Usimkatishe ghafla eti kwa kuwa amepata nafuu. Hilo ni hatari.

Labda umesikia kwamba mbegu za upupu, ule mmea unaowasha, zina levodopa. Ni kweli. Lakini huwezi kujua mbegu moja ina kiasi gani, na mzee anayemeza vidonge pia aweza kuzidisha. Usizitumie bila daktari kujua.

Nyumbani, mketishe wima anapokula, maana kumeza huwa kugumu na chakula chaweza kumpalia. Ondoa mikeka inayojikunja njiani. Akiganda mlangoni asiweze kuinua mguu, usimvute mkono. Chora mstari sakafuni kwa chaki umwambie auvuke. Na uwe na daftari: andika saa anayomeza dawa na saa mwili unapoanza tena kukaza. Daktari akisoma ukurasa huo atajua kama vipimo na saa za dawa zibadilishwe.