Dawa Iliyomo Majanini: Hotuba katika Mkutano wa Mwaka



Nimeombwa niseme juu ya mitishamba na maradhi ya saratani. Kwetu Homa Bay na Migori, mtu apatapo uvimbe, yago, mti ambao Waswahili huuita mwegea, haukosi kutajwa. Simdharau autumiaye. Wataalamu wameyajaribu maji ya yago juu ya chembe za saratani katika vyombo vya kioo, wakaona nyingine zikifa. Lakini kioo hakina ini wala figo. Hata siki huua chembe mle. Toka hapo mpaka dawa ya binadamu ni mwendo mrefu.

Mmea mmoja umeumaliza mwendo huo, nao wengi wetu huupanda mbele ya nyumba kwa uzuri tu: ule wa maua ya waridi au meupe yenye petali tano, wenye asili ya Bukini, yaani Madagaska. Huko Jamaika watu waliunywa kwa kisukari. Mwaka 1958 Robert Noble na Charles Beer wa Kanada walitangaza kwamba dutu yake hupunguza chembe nyeupe za damu. Katika mmea huo ikapatikana vinkristini, izuiayo chembe zisigawanyike. Mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu moja hivi. Kwa hiyo chai yake haiponyi saratani, tena mmea wenyewe una sumu.

Mwaka ule ule wa 1958, Daktari Denis Burkitt wa Kampala aliandika habari za uvimbe wa taya kwa watoto, maradhi ya nchi zenye malaria nyingi, kama zetu za kando ya ziwa. Chembe zake huweza kuzidi maradufu kwa siku moja au mbili. Hata hivyo hutibika, na vinkristini ni mojawapo ya dawa zake. Basi mwezi mmoja wa kungojea majani ni mwezi mrefu mno.

Wazee, siwakemei. Mara nyingi kizuizi si ukaidi, ni nauli. Watoto hawa hutibiwa Kisumu, katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, na dawa hutolewa kwa awamu. Mzazi aliyeacha wengine nyumbani, akiona taya limenywea, humrudisha mtoto kabla ya dawa kwisha. Na uvimbe hurudi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uidhinishe sehemu ya mfuko wetu kwa nauli na chakula cha mzazi mmoja, tangu siku ya kwanza ya matibabu hata ya mwisho.