Moshi wa Kiangazi Koboko na Wajibu wa Askari

Mvua za Novemba zinapokatika wilayani Koboko, nyasi za gombolola ya Midia hukauka kwa majuma machache tu, na moshi huanza kutanda. Tangu Desemba hadi Machi jua huchomoza jekundu kama shaba, masizi huangukia nguo zilizoanikwa, na kikohozi husikika katika nyumba za raia na katika kambi za askari pia. Jambo hili ni la zamani. Lililo jipya ni hofu inayoandamana nalo. Mkulima aliyekwisha kusikia habari za mabadiliko ya tabia ya nchi hutazama moshi huo na kujiuliza kama ndio unaoifukuza mvua, na kama wanawe watapata kulima baada yake.

Ndugu wasikilizaji, swali hilo lastahili jibu la kweli. Mwezi Juni 2023 moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua Kanada ulifika mji wa New York, mbingu ikageuka rangi ya chungwa, na watu wa taifa tajiri wakashauriwa wakae ndani. Moto wa namna ile huzidishwa na joto la dunia, na mara nyingi huwashwa na radi. Moto wa West Nile kwa kawaida huwashwa na mkono wa mtu: mwindaji anayefukuza wanyama, mchungaji anayetaka majani mabichi, mkulima anayesafisha shamba la muhogo au simsim. Nyasi zilizoungua huota tena mvua zinaporudi, na katika kuota huvuta sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyotoka. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa hiyo inayotokana na viwanda, magari na mitambo ya dunia. Kwa hiyo si haki kumwambia mtu wa Midia kwamba yeye ndiye aliyeiharibu dunia.

Hata hivyo, jibu haliishii hapo. Nyasi hurudi kwa mwaka mmoja. Mti haurudi hivyo. Moto mkali wa mwisho wa kiangazi huua miche ya shea na ya miti mingine iliyotarajiwa kutoa kivuli, kuni na mafuta. Na miti hiyo imekwisha kupungua kwa sababu nyingine pia: kuni za kukaushia tumbaku kwa miaka mingi, makaa ya kuuza mijini, na mahitaji ya wenyeji pamoja na wakimbizi waliopokewa Lobule wilayani Koboko na Bidibidi wilayani Yumbe. Nchi iliyokosa miti haina kinga mvua zinapochelewa. Hapo ndipo penye hatari.

Serikali haikukosa kutoa amri. Mwaka 1974, chini ya utawala wa Idi Amin, ambaye nasaba yake ni ya Koboko, ilitolewa sheria iliyomkataza mtu asiye na ruhusa kuchoma nyasi mahali popote nchini Uganda. Sheria ilidumu vitabuni, na moto ukadumu nyikani. Sababu yake si ukaidi peke yake. Mtu aliyekatazwa kuchoma mchana huchoma usiku na kukimbia, na moto uliokimbiwa ndio unaoteketeza vijiji. Tena upepo wa kaskazi huleta moshi wa nchi jirani, na moshi hauonyeshi hati kwenye kizuizi cha mpakani.

Elimu juu ya moto imekuwapo siku nyingi. Katika majaribio yaliyoanzishwa Ndola, Zambia, miaka ya 1930, viwanja vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka vilipoteza miti yake na kugeuka nyasi tupu. Vile vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu chini, vilibaki na miti. Kwa hiyo lililo muhimu ni wakati. Moto wa Desemba, ukisimamiwa, huwa mfupi na hufa wenyewe jioni. Moto wa Februari hauna bwana.

Hapa ndipo askari anapohusika. Watu wa Koboko wana kumbukumbu ya moto mwingine. Mwezi Oktoba 1980, baada ya wanajeshi wa zamani wa Amin kuvuka mpaka na kushambulia, majeshi ya serikali ya wakati ule yaliwageukia raia. Nyumba zilichomwa, na maelfu ya watu wakakimbilia Sudan na Zaire. Wazee wanaokumbuka hayo wangali hai. Askari aingiaye kijijini na kiboko kuulizia nani aliwasha nyasi atapata kimya. Atakayefika mwezi wa Novemba, akaketi na chifu wa gombolola, mwenyekiti wa kijiji na wazee, wakapanga siku ya kuchoma, mahali pa kuanzia na vijana wa kulinda, huyo atapata wasaidizi. Anayewasha moto mwezi wa Februari kwa kificho akamatwe kwa sheria, asipigwe.

Kuna na wajibu wa pili. Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, iliyopiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda. Amri ya namna hiyo huishi au hufa kizuizini. Lori moja likipita usiku kwa kitu kidogo, mwanamke aliyenyang'anywa gunia moja mchana hataamini tena neno la mtu aliyevaa sare.

Wajibu wa tatu ni wa nyumbani. Kila kambi na kila kituo cha polisi kifyeke mkanda wa ardhi tupu kukizunguka kabla ya Desemba, hasa karibu na ghala la risasi. Pasitupwe kichungi cha sigara kutoka garini. Chembe za moshi ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi, na kitambaa cha maji hakizizuii. Mwenye pumu, mtoto na mama mjamzito wakae mbali nazo. Wala moshi wa jikoni usisahauliwe: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2. Meko yenye mahali pa kutolea moshi ni kinga pia.

Hofu ya mkulima haiondolewi kwa kumwambia asiogope. Huondolewa anapoona kwamba moto una siku yake, mti una mlinzi wake, na mwenye bunduki amekuja kumsaidia kuulinda.