Kununua Mitumba kwa Akili: Faida ya Kikundi Iko Wapi?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme juu ya nguo za mitumba. Najua sababu. Kuna vikundi hapa ambavyo vinataka kutoa pesa za merigoraundi vinunue beli, viuze sokoni. Wazo si baya. Lakini hizo ni pesa za karo na za unga, kwa hiyo tuzungumze wazi kabla hazijatoka kwenye sanduku.

Kwanza, mitumba si aibu. Nguo hizi hutoka Uingereza, Kanada, Marekani, Uchina na kwingineko, na familia nyingi za Kenya huvaa hizo, maskini na wenye mishahara. Mwaka 2020 Serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini kwa sababu ya Korona, kuanzia Machi mpaka Agosti, tuliona jinsi wachuuzi walivyoumia. Ni kazi ya watu wengi. Na kazi ya watu wengi ina ujanja mwingi.

Nianze na mama anayenunua nguo moja moja. Fika sokoni mapema, beli zikifunguliwa. Nguo nzuri kabisa, ile wachuuzi huita kamera, huondoka asubuhi. Inayobaki jioni ni fagia, ya kuuzwa kwa kutupa. Kama unatafuta nguo ya kazi ya shamba, ngoja jioni, utaipata kwa bei ndogo. Kama unatafuta ya Komunyo ya Kwanza, amka mapema.

Ukishika nguo, usitazame rangi tu. Iinue kwenye mwanga, matundu yataonekana. Tazama makwapa, kola na katikati ya miguu ya suruali, maana hapo ndipo nguo huchakaa kwanza. Vuta zipu mara mbili. Nyoosha lastiki uone kama inarudi. Kiatu kikunje soli. Kikipasuka mkononi mwako, kingepasuka njiani. Halafu ndipo uulize bei. Ukisifu nguo kwanza, bei imepanda tayari, si ndiyo?

Ukifika nyumbani, usimvalishe mtoto siku hiyo hiyo. Fua kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi ndani na nje. Upele na chawa husafiri kwa nguo. Hata bei iwe ya chini namna gani, ukiishia kununua dawa, kumbe ulinunua ghali. Rahisi ni ghali, walisema wazee.

Sasa tuje kwa beli. Beli ya kawaida ina kilo 45, na hufungwa kwa aina: nguo za watoto, blausi, sweta, mashuka. Shida ni hii: unalipa kabla ya kuona ndani. Ni kama kununua ng'ombe akiwa gunia. Kwa hiyo chunguza unachoweza kuona. Je, mikanda ya beli ni ile ya kwanza, au imefungwa upya? Kuna watu hufungua beli, hutoa kamera yote, kisha huifunga tena na kukuuzia. Dai ipimwe kwenye mizani. Dai risiti yenye jina la duka. Na mwende wawili au watatu, asiende mhazini peke yake na pesa za watu mfukoni.

Tufanye hesabu. Ni mfano tu, bei hupanda na kushuka. Tuseme wanachama 10 wametoa shilingi 1,500 kila mmoja. Hiyo ni 15,000. Beli ya watoto ni 12,000. Gari ni 800. Ushuru wa kaunti wa siku nne za soko ni 200. Jumla mmetumia 13,000.

Ndani mmepata nguo 250. Kamera 50 kwa shilingi 100: mmepata 5,000. Za katikati 120 kwa shilingi 60: 7,200. Fagia ni 80, lakini 20 ni matambara ya kupanguzia meza; 60 zimeuzwa kwa shilingi 20: 1,200. Jumla 13,400. Faida ni shilingi 400. Kila mtu 40!

Mnacheka, lakini sikilizeni. Tuseme kila mwanachama amechukua nguo moja ya kamera kwa mtoto wake, akasema, "Niandikieni, nitalipa." Kumi hazikulipwa. Mmepoteza 1,000. Faida imekuwa hasara ya 600. Hakuna mwizi aliyekuja usiku. Beli imeuawa na wenyewe. Kwa hiyo wekeni sheria: mwanachama hununua kwa bei ya soko, pesa mkononi. Na kila nguo iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, faida iko wapi? Iko kwenye sindano. Tuseme fundi wa kikundi amechukua nguo 40 za katikati, akatia vifungo, zipu na mishono, vifaa vikagharimu 300. Nguo hizo sasa zinauzwa 100 badala ya 60. Mmeongeza 1,600, toeni 300, imebaki 1,300. Pamoja na ile 400 ni 1,700. Msisahau kumlipa fundi wenu kitu kidogo. Jasho lake si la bure kwa sababu ni mwanachama.

Nguo yenye tundu lililofichwa msiiuze kama nzima. Mwambieni mnunuzi, mpunguzieni bei. Yule ni jirani yenu, Jumapili mtakaa naye benchi moja.

Mwisho, msitie akiba yote kwenye beli moja. Moto umeteketeza soko la Gikomba mara nyingi. Ule wa Juni 2018 uliua watu na kuchoma mali ya wengi usiku mmoja. Beki la kikundi libaki benki au kwa sanduku. Anzeni na beli moja, fungeni hesabu, ndipo mnunue ya pili.

Mkirudi nyumbani, jadilianeni haya:

1. Nani kati yetu anajua kushona, na tutamlipaje?
2. Beli ikitupa hasara, tutabaki na pesa za karo?
3. Ni nani atakayeandika daftari, na nani atalikagua?

Mkiweza kujibu yote matatu bila kugombana, nendeni mkanunue. Mkishindwa, ngojeni kwanza. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.