NENO "FAIBROSISI" KATIKA CHETI CHA DAKTARI
(Mazungumzo mbele ya wanachama wa tawi la machimbo ya mawe)



Nimeombwa niseme machache juu ya neno ambalo ndugu yetu mmoja alilikuta katika cheti chake cha hospitali: faibrosisi. Alidhani ni jina la dawa.

Maana yake ni mwili kufanya nyuzi. Ukijikata mkono kwa tindo, jeraha hufungwa na nyuzi ngumu, likabaki kovu. Kovu la mkono halina neno. Lakini sisi wavunja mawe twavuta vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, nalo hufika mwisho kabisa wa mapafu. Mwili hauwezi kulisaga, basi hulizungushia makovu, mwaka baada ya mwaka. Pafu lililokuwa laini kama sifongo hukakamaa, na mtu huhema kwa kupanda kilima kidogo tu. Hakuna dawa ya kuliondoa kovu hilo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akikohoa huambiwa ana kifua kikuu. Pengine ni kweli, maana vumbi la mawe hukifungulia mlango kifua kikuu. Lakini dawa zake huua vijidudu, hazilainishi kovu. Basi mwambie daktari kazi yako, na miaka uliyoifanya. Usipomwambia, ataandika faibrosisi bila kuandika vumbi, na vumbi ndilo neno lenye fidia.

Mwaka 1924, mjini Rochdale, Uingereza, alifariki Nellie Kershaw, mwanamke wa miaka 33 aliyesokota nyuzi za asbesto. Waajiri wake walikataa kumlipa. Daktari W. E. Cooke aliyapima mapafu yake, na mwaka huo huo akaandika katika jarida la madaktari kwamba ni faibrosisi iliyoletwa na vumbi la asbesto. Baadaye wafanyakazi 363 wa asbesto walipimwa kwa amri ya serikali, na kama robo yao wakaonekana na makovu hayo. Kanuni za vumbi zikatoka 1931. Yeye alikuwa kaburini.

Kwetu Kenya, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 yampa haki ya fidia mwenye ugonjwa uliotokana na kazi. Kwa hiyo cheti msikitupe, wala msimkabidhi karani wa kampuni kabla hamjatoa nakala. Nakala moja mleteeni katibu wa tawi.