Bunduki ya Kale Nayo ni Bunduki

Mtu huzeeka akaishiwa nguvu, lakini chuma kilichotunzwa vizuri hakiishiwi upesi. Bunduki ya kuwindia iliyoundwa na kiwanda cha Mauser kule Oberndorf, Ujerumani, mwaka 1912, yaweza kuonekana leo kama pambo la ukutani. Hata hivyo risasi zake za milimita 7 kwa 57 zingali zinatengenezwa, na mtutu ulioangusha nyati zamani waweza kumwua mtu sasa hivi.

Chukua mfano wa mkazi wa Nyakabiga, mjini Bujumbura, ambaye baba yake mdogo aliyeishi Ubelgiji amefariki na kumwachia urithi bunduki ya namna hiyo. Jamaa wangependa irudi nyumbani, kwa kuwa ni kumbukumbu ya marehemu. Anauliza habari za forodha, naye anaambiwa kwamba katika orodha ya kimataifa ya bidhaa silaha zimo katika sura ya 93, ila vitu vya kale vyenye umri wa zaidi ya miaka 100 vimetengwa katika fungu la 97.06. Anafurahi, akidhani safari imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Orodha hiyo huipa bidhaa jina na ushuru wake. Haimpi mtu ruhusa ya kumiliki silaha. Sheria za silaha zina hesabu yao nyingine. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya silaha za moto, na kanuni nambari 258 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012, zote zinasema kwamba silaha iliyoundwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kamwe kuitwa ya kale. Basi bunduki ile ile ni kitu cha kale mbele ya mtoza ushuru, na ni silaha kamili mbele ya polisi. Hapo ndipo watu wema hunaswa bila kukusudia.

Njia iliyonyooka ina mpangilio wake. Kibali cha kuingiza silaha hutangulia, nacho hutolewa na mamlaka ya Burundi kwa kufuata sheria ya silaha ndogo na nyepesi ya Agosti 2009. Bila karatasi hiyo, nchi ya Ulaya haitoi ruhusa ya kuisafirisha. Kama mzigo utapitia Dar es Salaam na Kigoma, au nchi nyingine yoyote, nchi hiyo nayo iwe imeridhia. Hata mtutu peke yake, uliofungwa mbali na kitako chake, huhesabiwa kuwa sehemu ya silaha. Bunduki ifikapo, Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Burundi ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inataka ichongwe alama ya nchi iliyoiingiza na mwaka ilipoingia. Ikiwa haina nambari, ipewe. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Utaratibu huu si mgeni Afrika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya bara hili, ukataka zile zilizoruhusiwa zitiwe alama na mwenyewe awe na kibali. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa, lakini mkataba huo uliwafaa pia wakoloni, kwa maana mtawaliwa alibaki na gobori. Leo daftari hilo lapasa kumlinda mwananchi mwenyewe.

Nyakabiga inaijua gharama ya silaha zisizojulikana zilipo. Mwezi wa Novemba 2015 serikali ilitoa muda hadi tarehe 7 kwa wenye silaha zisizo halali kuzisalimisha. Tarehe 11 Desemba mwaka huo kambi za jeshi zilishambuliwa mjini Bujumbura, na kesho yake asubuhi maiti zilikutwa katika barabara za Nyakabiga. Serikali ilisema waliouawa ni washambuliaji. Wakazi walisema miongoni mwao walikuwamo vijana waliotolewa majumbani. Katika mtaa wenye kumbukumbu kama hizo, sanduku refu likishushwa mlangoni usiku, jirani hafikirii habari za urithi.

Ndiyo maana wajibu wa askari una pande mbili. Askari wa mpakani au wa forodha asikubali maneno ya kwamba hili ni pambo tu. Atazame mwaka, nambari na kibali, na vikikosekana bunduki ibaki ghalani. Lakini mwananchi aliyekuja mwenyewe mchana, ameshika hati za urithi na kuuliza afuate njia gani, asigeuzwe mshukiwa. Aandikwe, apewe stakabadhi yenye nambari ya bunduki, na aelezwe hatua inayofuata. Akidhalilishwa huyo, wengine kumi wataziacha zao chini ya ardhi, na hakuna msako utakaozifukua zote.

Bunduki iliyoandikwa huweza kuulizwa ilipo. Isiyoandikwa husubiri siku ya fujo ijitaje yenyewe. Askari anayeandika daftari lake kwa haki analinda mtaa mzima kabla risasi haijalia.