Mavi ya Chuma Chini ya Reli: Tupime Kwanza

(Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti katika baraza la wananchi, Athi River)



Kila anayepita karibu na viwanda vya kuyeyusha chuma hapa Athi River ameyaona mawe meusi yanayotoka tanuruni. Wazee huyaita mavi ya chuma. Je, yanaweza kutumika badala ya kokoto chini ya reli?

Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Reli haikai juu ya udongo mtupu. Chini ya mataruma huwekwa kokoto zenye kingo kali, ili zishikane, zibebe uzito wa treni na kupitisha maji ya mvua. Chini yake kuna changarawe iliyoshindiliwa, kisha tuta la udongo. Mavi ya chuma ni mazito, magumu na yana kingo kali. Marekani, reli zimewekewa mabaki ya tanuru kwa zaidi ya miaka 100.

Faida tunaiona. Kila lori la mabaki likitumika vizuri, ni lori moja la mawe lisilochimbwa. Na mashimo ya timbo mnayajua: mvua ikiyajaza, watoto huzama humo.

Sasa masharti. Kwanza, baadhi ya mabaki haya yana chokaa ambayo hufura ikipata maji. Tuta likifura, reli hupinda. Ndiyo maana hupondwa, huachwa nje miezi kadhaa yapigwe na mvua, kisha hupimwa.

Pili, vipande vya chuma vilivyosalia hutolewa kwa sumaku. Vikibaki, vinaweza kupitisha umeme na kuvuruga ishara za treni.

Tatu, chuma chakavu huja na madini mengine, kama risasi, yanayoweza kupenya hadi visimani. Tukumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi iliyotoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kwa hiyo maji yapimwe kabla na baada.

Ombi langu kwenu ni moja. Usichukue mawe haya ukajazie msingi wa nyumba au njia ya kwenda kisimani kwa sababu ni ya bure. Yakifura, sakafu hupasuka; yakiwa na sumu, mtoto ndiye huumia kwanza. Ukiona lori likiyamwaga mtoni au kando ya barabara, mwarifu msimamizi wa wadi au ofisi ya NEMA.

Mradi mkubwa wa aina hii ukija, sheria inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Njooni mapema, muulize: yamekaa nje muda gani? Nani aliyapima? Matokeo yako wapi?